Mtoto Asiyecheka: Kuisoma Upya Huckleberry Finn kama Riwaya ya Uhalifu

Riwaya ya Mark Twain juu ya Huckleberry Finn, iliyotoka Uingereza na Kanada Desemba 1884 na kuwafikia wasomaji wa Marekani Februari 1885, imezoeleka kupangwa pamoja na vitabu vya watoto vya safari: mvulana, mtumwa mtoro, chelezo cha magogo na mto mpana. Mazoea hayo yameificha. Anayeifungua bila kujali sifa hizo atakuta mtoto aliyetekwa na baba yake mzazi, jaribio la kuua kwa kisu, mauaji ya kubuni yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa, maiti ya mtu aliyepigwa risasi mgongoni, majambazi wanaojadiliana namna ya kummaliza mwenzao, koo mbili zinazoangamizana, mlevi anayeuawa mchana kweupe barabarani, umati unaokwenda kumnyonga muuaji huyo bila kesi, na matapeli wanaojifanya ndugu wa marehemu ili wawadhulumu yatima urithi wao. Sheria ya mahali pale na wakati ule inaongeza kosa jingine, ambalo machoni pa wahusika wengi ndilo baya kuliko yote: kumsaidia mtu mweusi kutoroka utumwani.

Hii, basi, ni riwaya ya uhalifu, nayo inachekesha tangu ukurasa wa kwanza hadi sehemu kubwa ya njia yake. Wengi huridhika kusema kwamba ucheshi umewekwa ili kupunguza ukali wa mambo, kama sukari kwenye dawa chungu. Mimi naona ucheshi huo una kazi nzito zaidi ya hiyo. Huck Finn, mtoto wa miaka 13 au 14 anayetusimulia kila kitu kwa kinywa chake, hatanii. Hana habari kwamba anachekesha. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumekulia kwenye hadithi za Abunuwasi, mjanja anayejua vizuri kabisa kwamba anamwumbua mfalme, na raha yetu ni kula njama pamoja naye. Huck hana njama na mtu. Anaeleza alichokiona kwa uaminifu wa shahidi mdogo ambaye bado anaamini kuwa wakubwa wana akili kuliko yeye, na kicheko kinatutoka kwa sababu tumeona, kabla yake, jinsi alichokisema kinavyowatia hatiani wakubwa hao. Ucheshi ndio unaobeba ushahidi. Ukiuondoa, hutabaki na kitabu kizito zaidi. Utabaki na malalamiko.

Mfano bora uko mapema, katika sura ya 5 na ya 6, pale baba yake anaporudi mjini. Mzee huyo, ambaye kitabu kinamwita Pap tu, ni mlevi wa kutupwa. Amesikia kwamba mwanawe amepata dola 6,000, fungu lake katika hazina ya majambazi ambayo yeye na rafiki yake Tom Sawyer waliigundua, na kwamba fedha hizo zimewekwa kwa riba inayomwingizia mtoto dola moja kila siku mwaka mzima. Anazitaka. Anampiga mtoto kwa sababu amejua kusoma, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulijua, naye haoni kwa nini mwanawe awe bora kuliko yeye. Mjane anayemlea Huck na Jaji Thatcher wanakwenda mahakamani kuomba mtoto aondolewe mikononi mwa baba huyo. Lakini jaji aliyepo ni mgeni, hamfahamu Pap, na anaamua kwamba mahakama haifai kuingilia familia wala kumtenganisha mtoto na baba yake ikiwa jambo hilo linaweza kuepukwa.

Kisha jaji huyo mpya anaazimia kumwongoa mlevi. Anamchukua hadi nyumbani kwake, anamvalisha suti safi, anamketisha mezani na familia yake, anamhubiria juu ya kuacha pombe mpaka mzee analia. Pap anatoa mkono wake ushikwe na kila aliyepo, akisema ulikuwa mkono wa nguruwe na sasa si hivyo tena. Wote wanalia. Mke wa jaji anaubusu mkono huo. Mzee anatia alama yake kwenye kiapo, na jaji anatamka kwamba hiyo ndiyo saa takatifu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Wanamlaza katika chumba kizuri cha wageni. Usiku kiu inamshika. Anatoka dirishani, anateleza kwenye nguzo ya baraza, anabadilisha koti lake jipya kwa gudulia la pombe kali, anapanda tena chumbani na kustarehe. Karibu na alfajiri anatoka tena akiwa amelewa chakari, anaporomoka kutoka kwenye paa la baraza na kuvunjika mkono wa kushoto mahali pawili. Chumba walipokuja kukitazama, anasema Huck, iliwabidi wapime kina kabla ya kupita, kama mabaharia wanavyopima mto. Jaji, kwa uchungu, anasema labda mzee huyo angeweza kuongolewa kwa bunduki, lakini njia nyingine haijui.

Ni moja ya sehemu zinazochekesha zaidi katika fasihi yote ya Marekani, na msomaji anaweza kuimaliza bila kutambua kilichotokea: hukumu haikubadilishwa. Jaji amejionea kwa macho yake, ndani ya nyumba yake, baba huyo ni mtu wa namna gani, lakini mtoto amebaki mali ya baba. Huck hasemi neno lolote kuhusu hilo. Haulizi kwa nini jaji hakurudi mahakamani kesho yake. Twain naye hamtumi mtu mwingine aulize. Sisi ndio tunaoachwa na swali, na kicheko kikiwa bado midomoni.

Muda si mrefu Pap anamteka mwanawe, anampeleka kwenye kibanda cha magogo msituni, ng'ambo ya mto upande wa Illinois, na kumfungia humo kila anapotoka. Mara moja anapotelea kwa siku tatu. Hapa usimulizi wa Huck unafanya jambo ambalo kila anayefanya kazi na watoto walioumizwa atalitambua: anasema maisha yalikuwa mazuri. Hakuna vitabu, hakuna kunawa, kulala tu mchana kutwa, kuvuta tumbaku na kuvua samaki. Kisha, kwa sauti ileile, anaongeza kwamba baba alizidisha fimbo, na yeye alikuwa amejaa alama za mapigo mwili mzima. Sifa na majeraha vinakaa bega kwa bega, wala havigombani, kwa kuwa mtoto hajawahi kuishi mahali ambapo vilitengana. Usiku mmoja Pap anaweweseka kwa pombe, anamwona mwanawe kuwa Malaika wa Mauti, anamkimbiza kibandani akiwa na kisu cha kukunja, mpaka anaishiwa nguvu na kulala. Mtoto anapanda juu ya kiti taratibu, anaishusha bunduki, anahakikisha ina risasi, anailaza juu ya pipa ikimwelekea baba, na kuketi nyuma yake kusubiri.

Katika riwaya nyingine ya uhalifu, bunduki hiyo ingelia. Hapa mtoto anatafuta njia ambayo naiona ya kuhuzunisha kuliko kuua: anajiua mwenyewe kwa kubuni. Baba anapoondoka, Huck anauvunja mlango wa kibanda kwa shoka, anampiga risasi nguruwe mwitu na kumchinja ndani ili damu iloweke sakafu ya udongo, anaburuta gunia la mawe hadi mtoni ili ionekane mwili umetupwa majini, anang'oa nywele zake kidogo na kuzibandika kwenye damu nyuma ya shoka, kisha anatoboa mfuko wa unga na kuacha mstari wa unga unaoelekea ziwani upande wa pili ili wawindaji wa muuaji wafuate njia isiyo. Ni kazi ya mtu mzima mwenye akili ya kipolisi. Anajuta jambo moja tu, kwamba Tom Sawyer hayupo, maana Tom angeongeza madoido. Siku iliyofuata amejificha kisiwani anaitazama meli ya mvuke ikifyatua mizinga ili maiti yake iibuke, na ndani ya meli hiyo wamo wote wanaompenda. Wenyeji wameelekeza mikate yenye zebaki majini, wakiamini mkate wa namna hiyo husimama ulipo mwili wa aliyezama. Huck anaunasa mmoja, anaukung'uta zebaki na kuula. Anatafakari kwa makini kabisa kwamba mjane au mchungaji aliomba mkate ule umfikie, nao umemfikia, kwa hiyo maombi yana kitu ndani yake.

Twain hakuyatoa mambo haya hewani. Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa mwaka 1835 na kukulia Hannibal, mji mdogo kando ya Mississippi katika jimbo la Missouri, lililoingizwa katika Muungano kama jimbo la utumwa kwa maafikiano ya mwaka 1820. Kwa ramani Missouri haiko kusini kabisa, lakini kwa sheria, kwa mila na kwa namna familia zilivyojengwa juu ya kazi ya watu wasiolipwa, utoto wake ulikuwa utoto wa Kusini. Baba yake, John Marshall Clemens, alikuwa hakimu wa mji, mtu mkali mwenye biashara zisizofanikiwa, aliyekufa mwaka 1847 akiiacha familia katika ufukara. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kuzika watoto kadhaa. Tom Blankenship, mtoto wa mlevi wa mtaani kwao, ndiye aliyekuwa kielelezo cha Huck, na Twain alisema hivyo waziwazi baadaye. Kaka mkubwa wa Tom alimficha mtumwa mtoro katika kisiwa cha upande wa Illinois na kumpelekea chakula kwa siri, ingawa kulikuwa na zawadi ya dola 50 kwa atakayemtoa.

Mauaji ya Boggs, yule mlevi anayepigwa risasi barabarani katika sura ya 21, yalitokea Hannibal mwaka 1845, mfanyabiashara aitwaye William Owsley alipomuua Sam Smarr. Aliyechukua maelezo ya mashahidi alikuwa hakimu Clemens. Mwanawe wa miaka tisa alimwona mtu huyo akikata roho huku watu wema wamemwekea Biblia kubwa kifuani, na Biblia hiyo imo ndani ya riwaya, ikimlemea mtu anayehangaika kupumua. Owsley aliachiwa huru.

Jambo zito kuliko yote katika historia hiyo ni la mwaka 1841. Wanaume watatu wapinga utumwa kutoka Quincy, Illinois, walivuka mto wajaribu kuwasaidia watumwa kutoroka, wakakamatwa na kushtakiwa Palmyra, makao ya wilaya. Walihukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja. Miongoni mwa raia walioketi katika jopo lililowatia hatiani alikuwamo John Marshall Clemens. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwanawe aliandika kitabu ambacho mtoto anatenda kosa lilelile, anaamini kwa moyo wake wote kuwa ni kosa, na msomaji anaombea asikamatwe. Sijui riwaya nyingine ya uhalifu ambayo mwandishi wake amekata rufaa dhidi ya hukumu ya baba yake kwa namna hii, tena bila kumtaja.

Turudi mtoni, maana sehemu iliyo tajiri kuliko zote kwa msomaji wa riwaya za uhalifu ni sura ya 9, nayo haisomwi inavyostahili. Mafuriko yanaleta nyumba nzima ya mbao ikielea. Huck na Jim, mtumwa aliyemtoroka Bi. Watson baada ya kusikia atauzwa New Orleans kwa dola 800, wanaingia kwa dirishani. Sakafuni kuna mtu amelala, yuko uchi, amepigwa risasi mgongoni. Jim anakadiria amekufa siku mbili au tatu. Kumetapakaa karata zenye mafuta, chupa za wiski, vifuniko viwili vya uso vilivyotengenezwa kwa kitambaa cheusi; kutani kuna maneno machafu na michoro ya makaa; zimetundikwa nguo za kike na kofia ya kike ya jua; iko kofia ya majani ya mvulana; iko chupa iliyokuwa na maziwa, yenye kizibo cha kitambaa cha mtoto mchanga kunyonyea. Hiyo ndiyo orodha ya mpelelezi. Kila kitu kimo: wanyang'anyi, kamari, wanawake, watoto wawili na maiti. Nani alimuua, wanawake wako wapi, mtoto mchanga yuko wapi? Huck anakusanya vitu vya kuuza na kutumia, anaikuta chupa ya mtoto imevunjika na kusema wangeichukua kama si hivyo, kisha wanaondoka. Kitabu hakirudi tena kwenye maswali hayo, isipokuwa moja, katika ukurasa wa mwisho.

Jim, mara tu alipoiona maiti ile, alimwambia Huck asiutazame uso, akaufunika kwa matambara. Maiti ile ilikuwa ya Pap. Jim alijua, akanyamaza safari nzima. Mtoto aliyejibuni maiti ili amkimbie baba yake alikuwa amekwisha kuwa huru naye tangu siku zile, lakini hakujua. Wapo wanaosema Jim alinyamaza kwa maslahi yake, kwa kuwa Huck angejua baba amekufa angerudi mjini na Jim angekosa kinga ya kusafiri na mtoto mweupe. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani mtumwa mtoro mwenye dola 300 juu ya kichwa chake ana haki ya kufikiria usalama wake. Hata hivyo, tendo la kufunika uso lilikuja kabla ya hesabu yoyote, nalo ni tendo la mzazi. Uthibitisho uko sura tisa mbele, Huck mwenyewe anapolirudia.

Sura hizo za koo za Grangerford na Shepherdson ndizo zinazotoa picha kamili ya familia ya Kusini iliyooza ikiwa imevaa nguo safi. Chelezo kimegongwa na meli ya mvuke, Huck anaogelea hadi nchi kavu na kupokewa na kina Grangerford, watu wenye nyumba kubwa, saa ya mezani iliyopakwa rangi, na adabu zinazomvutia sana. Ukutani kuna michoro ya binti yao Emmeline, aliyekufa akiwa kigoli. Kazi yake ilikuwa kutunga mashairi ya maombolezo kwa kila aliyekufa jirani, na watu wanasema daktari alifika kwanza, kisha Emmeline, kisha mzika maiti. Mara moja tu mzika maiti alimtangulia, kwa sababu binti alikwama kutafuta kina cha jina la marehemu, na tangu hapo hakupona. Huck anasema kwa upole kwamba, kwa jinsi alivyokuwa, pengine anastarehe zaidi makaburini. Anajaribu hata kumtungia beti moja, kwa kuwa yeye alitungia wote na hakuna aliyemtungia, lakini anashindwa.

Tunacheka, halafu Buck, mwana wa nyumba hiyo mwenye umri kama wa Huck, anamfyatulia risasi kijana mmoja wa kina Shepherdson njiani. Huck anamuuliza kama alitaka kumuua. Ndiyo. Alikufanyia nini? Hakunifanyia lolote. Sasa kwa nini umuue? Kwa sababu ya uhasama. Uhasama ni nini? Buck anashangaa amelelewa wapi asijue, kisha anamweleza: mtu hugombana na mwenzake, humuua, ndugu wa aliyeuawa humuua yule, ndugu wengine huingia pande zote mbili, kisha binamu, mwishowe wote huisha na uhasama hukoma, ingawa huchukua muda. Ulianza miaka 30 nyuma kwa kesi fulani, na aliyeshindwa kesi alimpiga risasi aliyeshinda. Aliyefyatua alikuwa wa ukoo upi, Buck hajui; wazee labda wanajua, ila hawakumbuki tena ugomvi ulikuwa wa nini. Jumapili koo zote mbili zinaenda kanisa moja na bunduki zao kati ya magoti, zinasikiliza mahubiri ya upendo wa kindugu, na njiani kurudi nyumbani zinayasifu. Huck hatoi maoni yoyote ila kwamba ilikuwa Jumapili yenye kuchosha kuliko nyingi. Kama kuna darasa la kufundishia namna kicheko kinavyoweza kubeba shtaka zima dhidi ya jamii, ni kurasa hizo.

Kesho yake, baada ya Jumapili hiyo, Buck anakufa kando ya mto pamoja na binamu yake, Huck akiwa juu ya mti akiwaona. Hapo kicheko kinakatika. Huck anasema hatasimulia yote, maana akisimulia ataugua tena, na kwamba bado anawaota mara nyingi. Kisha anashuka, anaziburuta maiti kutoka majini, anazifunika nyuso na kulia kidogo wakati wa kumfunika Buck, kwa kuwa alimtendea wema. Hakuna mtu wa ukoo wa Finn aliyemfundisha kufunika uso wa maiti. Amejifunza kwa Jim, ndani ya nyumba iliyoelea, wala hajui kwamba uso uliofunikwa siku ile ulikuwa wa baba yake.

Baada ya hapo matapeli wawili wanaingia, mmoja anajiita Mfalme na mwingine Mtawala, na uhalifu unakuwa biashara. Nitapita haraka, kwa kuwa sehemu hiyo inajieleza yenyewe, hadi sura ya 31, wanapomuuza Jim kwa dola 40. Huck anamwandikia Bi. Watson barua ya kumjulisha mtumwa wake alipo, anajiona amesafika dhambi kwa mara ya kwanza maishani, kisha anamkumbuka Jim akimlinda usiku na kumwita rafiki yake pekee, anaichana barua na kukubali kwenda motoni. Kila alichofundishwa nyumbani, kanisani na shuleni kinamwambia anatenda jinai na dhambi. Anatenda. Hata hapa hajui kwamba yuko sahihi, na ni lazima asijue, maana angejua tungekuwa na mtoto mhubiri.

Sura inayofuata inaonyesha gharama ya kutojua huko. Akijifanya ndugu kwa Bi. Sally Phelps, Huck anabuni uongo kwamba meli yao ililipuka kichwa cha silinda. Mama huyo mkarimu anauliza kama kuna aliyeumia. Hapana, anasema Huck, ila ameuawa mtu mweusi mmoja, naye anamtaja kwa tusi la siku zile. Bi. Sally anashukuru, kwani mara nyingine watu huumia. Anayesema hivyo ni mwanamke mwema, na anayemjibu ni mtoto aliyekwisha kukubali kwenda motoni kwa ajili ya mtu mweusi. Mistari hiyo michache ina ukweli mkubwa kuhusu utumwa kuliko hotuba nyingi. Neno hilo la tusi limo kitabuni zaidi ya mara 200, na mwaka 2011 lilitolewa toleo lililoliondoa na kuweka neno la mtumwa badala yake. Naelewa kabisa mwalimu asiyetaka kulisoma kwa sauti mbele ya mtoto mweusi darasani. Huruma hiyo ni ya haki, nayo ni nzito kuliko sababu ya maktaba ya Concord, Massachusetts, iliyokipiga marufuku kitabu mwezi Machi 1885 kwa kuwa ni kichafu na hakina adabu.

Kisha kitabu kinaanguka. Tom Sawyer anafika kwa kina Phelps na kwa sura nyingi anamgeuza Jim aliyefungwa kuwa mchezo: ngazi ya kamba ndani ya mkate, buibui na nyoka chumbani, maandishi ya damu, yote kwa sababu ndivyo wafungwa wa vitabuni hufanya. Ernest Hemingway aliliona hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya safari ya uwindaji nchini Tanganyika, anamwambia mgeni mmoja aliyekutana naye huko porini kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetoka katika kitabu hiki kimoja, lakini msomaji lazima aishie pale Jim anapoibwa, kwani yaliyobaki ni udanganyifu. Sikubaliani naye kwamba tuache kusoma, ila nakubali kwamba kuna kilichoharibika, na chanzo chake kinaonekana. Tom anachekesha kwa makusudi. Anajua Jim amekwisha kuachiwa huru kwa wosia wa Bi. Watson aliyefariki miezi miwili iliyopita, naye ananyamaza ili mchezo usiishe. Tangu mtoto anayejua kuwa anatania aliposhika uongozi, ucheshi umeacha kuwa ushahidi na umekuwa burudani inayolipiwa na mwili wa mtu mwingine. Huck, shahidi wetu, anageuka msaidizi.

Mwandishi wa Marekani Percival Everett, katika James, riwaya yake ya mwaka 2024 iliyopata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huo na Pulitzer mwaka 2025, amempa Jim usimulizi. Jim wake anasoma, anaandika, na anawafundisha watoto namna ya kuzungumza kijinga mbele ya weupe ili wasidhuriwe. Ucheshi wake ni wa makusudi, lakini ni makusudi ya mtu anayeokoa maisha, si ya mtoto anayecheza na maisha ya wengine, ndiyo maana unafaulu pale wa Tom ulipofeli. Namshukuru Everett kwa hilo. Ninapotofautiana naye ni pale anapofichua kwamba Jim ndiye baba mzazi wa Huck. Ninaelewa anachotafuta: kumwonyesha mtoto anayejiona mweupe kwamba mstari uliochorwa kati yao ni wa uongo. Lakini uzito wa uso ule uliofunikwa na Jim ulitokana na kwamba hakuwa na deni lolote la damu kwa mtoto yule, ilhali mwenye damu ndiye aliyemkimbiza kwa kisu. Ukimfanya Jim kuwa mzazi, malezi yake yanapata sababu ambayo jaji mgeni wa sura ya 5 angeikubali mara moja, kwa kuwa ndiyo hoja aliyotumia kumrudisha Huck kwa Pap.